Papa Hana Miba: Hotuba Kuhusu Miili ya Samaki wa Gegedu na Samaki wa Mifupa

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wetu wavuvi mliokubali kuacha nyavu zenu asubuhi hii, na nyinyi wanafunzi wa baiolojia, nawasalimu nyote kwa heshima.

Juu ya meza hii mbele yenu wamelala samaki wawili. Mmoja ni changu, na mwingine ni papa mdogo aliyenaswa usiku akafa wavuni kabla wavu haujavutwa. Mwisho wa mazungumzo yetu tutawapasua wote wawili, lakini kabla ya kisu naomba tuwatazame kwa macho tu, na tuanze na jambo ambalo kila jikoni ya pwani inalijua. Mtoto akipewa kipande cha changu huonywa aangalie miba. Akipewa kipande cha papa hakuna anayemwonya, kwa sababu papa hana miba. Sentensi hiyo fupi ya mama zetu ndiyo mgawanyo mkubwa kabisa unaofundishwa vyuoni kuhusu samaki wenye taya: upande mmoja wamo samaki wa gegedu, yaani papa, taa na jamaa zao, ambao spishi zake zinazojulikana zimepita kidogo 1,200, upande wa pili wamo samaki wa mifupa, ambao spishi zake zinazidi 30,000, kuanzia dagaa hadi jodari.

Gegedu si kitu kigeni kwetu. Shikeni masikio yenu, kisha ncha ya pua: kile kinachopinda bila kuvunjika ndicho gegedu. Mtoto wa binadamu akiwa tumboni, sehemu kubwa ya kiunzi chake huanza kama gegedu, kisha mfupa huingia polepole na kuchukua mahali pake. Kwa changu hutokea vivyo hivyo. Kwa papa mabadiliko hayo hayatokei, na kiunzi chake hubaki gegedu maisha yote, kikiimarishwa kwa nje na vigae vidogo vidogo vya chumvi za kalsiamu vilivyopangwa kama sakafu ya vigae vya nakshi. Ndiyo maana taya la papa mkubwa, ambalo halina mfupa hata kidogo, linaweza kukata mnofu mgumu bila kupinda.

Kwa miaka mingi vitabu vilimweleza papa kama samaki ambaye hajakamilika, aliyebaki nyuma wakati wenzake wakisonga mbele kuelekea mfupa. Maelezo hayo niliyafundisha mimi mwenyewe, na leo nasema wazi kwamba hayasimami. Miongoni mwa samaki wa kale kabisa wenye taya walikuwamo waliovaa deraya za mfupa mwili mzima. Tena mwaka 2020 watafiti walieleza kisukuku kutoka Mongolia, cha samaki wa kale aliyeitwa Minjinia, mwenye umri wa miaka milioni 410 hivi, ambaye ndani ya fuvu lake mlikuwa na mfupa wa aina ile ile inayochukua mahali pa gegedu katika miili yetu. Samaki huyo ni wa ukoo uliotangulia mgawanyiko wa papa na changu. Kwa hiyo maelezo yanayoelekea zaidi kuwa ya kweli ni kwamba mababu wa papa walikuwa na mfupa, na papa akauacha. Wanafunzi wangu, naomba mlishike hilo, kwa sababu linabadilisha swali lenyewe. Hatuulizi tena papa amekosa nini. Tunauliza amepata nini kwa kuacha mfupa.

Jibu la kwanza ni wepesi, maana gegedu ni jepesi kuliko mfupa. Mwili wa samaki, nyama na kiunzi kwa pamoja, ni mzito kuliko maji ya bahari, na samaki asiyefanya lolote atazama. Changu amelitatua tatizo hilo kwa kibofu cha hewa, mfuko mweupe unaong'aa chini ya uti wa mgongo, ambao watoto wengi wa pwani wamewahi kuupasua kwa vidole wakati mama akitoa matumbo. Gesi ya mfuko huo hutolewa na damu yenyewe kupitia tezi maalumu, na samaki huongeza au kupunguza gesi kadiri anavyoshuka au kupanda, akabaki ameelea pasipo kutumia nguvu. Wazee wavuvi wameona gharama ya mpango huo mara nyingi kuliko mimi. Samaki akivutwa haraka kutoka kilindini, gesi hutanuka kwa sababu mgandamizo wa maji umepungua, naye hufika juu macho yamemtoka na tumbo limesukumwa hadi mdomoni. Hata akirudishwa majini papo hapo, mara nyingi hawezi kuzama tena.

Papa hana kibofu hicho. Ana ini. Tutakapompasua mtaona kwamba ini limejaza sehemu kubwa ya tumbo, na katika aina fulani za papa hufikia robo ya uzito wote wa mwili. Ini hilo limejaa mafuta, na mafuta ni mepesi kuliko maji, na tofauti na gesi hayatanuki wala kusinyaa kwa kina cha bahari. Papa hupanda na kushuka apendavyo bila kuogopa kupasuka. Nao mababu zetu waliyajua mafuta hayo kabla ya maabara yoyote: ndiyo sifa, waliyoipaka kwenye mbao za majahazi ili zisinywe maji wala kupasuka kwa jua. Kila nikifikiria jambo hili huguswa moyoni, kwamba kitu kilichomwezesha papa kuelea kiliwekwa na mafundi wetu juu ya ubao ili nao uelee miaka mingi zaidi.

Mafuta peke yake hayatoshi, na papa bado ni mzito kidogo kuliko maji. Kwa hiyo mapezi yake ya kifuani ni mapana na magumu, hayakunjiki, na humwinua anapoogelea kama mabawa yanavyomwinua ndege angani. Changu, kwa kuwa kibofu kimeshamwinua, amebaki huru kuyatumia mapezi yake kwa kazi nyingine: huyakunja, huyafungua, huyatumia kama breki, husimama mahali pamoja mbele ya jiwe na hata kurudi nyuma, jambo ambalo papa hawezi. Hata hivyo msidhani kwamba kila samaki wa mifupa ana kibofu. Nguru hana, na ndiyo maana daima yuko mwendoni.

Sasa tuiguse ngozi. Mwanafunzi mmoja alipitisha kiganja juu ya huyu papa asubuhi, kutoka kichwani kwenda mkiani, akasema ni laini. Nikamwambia arudishe kiganja kuelekea kichwani, akakiondoa upesi. Ngozi hiyo ni msasa hasa, kwa sababu imefunikwa na maelfu ya vijino vidogo vilivyoelekea nyuma, na ninaposema vijino simaanishi mfano. Kila kimoja kina uwazi wa ndani wenye mishipa, kina dentini, na kina tabaka gumu la nje, sawasawa na jino lililomo kinywani. Vijino hivi hupunguza msukosuko wa maji kwenye ngozi na kumrahisishia papa mwendo. Magamba ya changu ni vibati vyembamba vya mfupa vinavyokua pamoja na samaki, ndiyo maana changu huparwa kwa kisu na papa haparwi. Meno ya kinywani mwa papa nayo hayakujikita ndani ya taya kama yetu. Yameshikwa na ngozi tu, safu nyuma ya safu, na jino la mbele likidondoka la nyuma husogea kuchukua nafasi yake, mara maelfu katika umri wa papa mmoja.

Kuhusu taya za samaki wa mifupa ningeweza kusema hadi jioni. Fuvu la changu lina mifupa mingi inayocheza kama bawaba, na vinywa vya wengi wao huchomoka mbele ghafla na kufyonza mawindo pamoja na maji. Pono ameunganisha meno yake yakawa mdomo mgumu kama wa kasuku, akaguguna matumbawe, kisha akayasaga kwa taya la pili lililo kooni na kuyatoa yakiwa mchanga mweupe. Tunamkumbuka pono kwa usingizi tu, naye ni mmoja wa watengenezaji wa fukwe zetu.

Katika kupumua, tofauti inaonekana kwa nje. Changu ana kifuniko cha mfupa kila upande wa kichwa, na chini yake matamvua mekundu ambayo mnunuzi mwenye busara huyafunua kukagua kama samaki ni mpya. Kifuniko hicho ni pampu: mdomo hufunguka, kifuniko hufunga, maji huingia, kisha mdomo hufunga, kifuniko hufunguka, maji hupita juu ya matamvua. Kwa hiyo changu anaweza kutulia mahali pamoja na bado akapumua. Papa hana kifuniko. Ana mipasuo mitano iliyo wazi kila upande, na aina chache zina sita au saba. Baadhi ya papa hupampu maji kwa misuli ya koo, lakini wengine wa bahari wazi hawana budi kuogelea midomo ikiwa wazi ili maji yapite yenyewe, na huyu wetu alikufa wavuni kwa sababu hiyo: wavu ulimzuia kwenda mbele. Taa ana shida yake nyingine, maana mdomo na mipasuo yake viko upande wa chini, naye hulala mchangani. Angevuta mchanga kila apumuapo, kama si yale matundu mawili nyuma ya macho yake, yanayovuta maji safi kutoka juu. Moyo sitaukalia, kwani wote wawili wana moyo wa vyumba vikuu viwili unaosukuma damu kwenye matamvua kwanza, kisha mwilini.

Ninakuja sasa kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote, nalo linaanzia kwenye chungu cha bibi yangu. Alikuwa akinunua papa mkavu, wa ng'onda, na hakumpika kamwe siku ile ile. Alimloweka, akabadilisha maji, akamloweka tena, na mimi niliyekaa karibu niliwashwa macho na harufu kali iliyotoka ndani ya bakuli. Nilidhani papa huyo ameoza. Miaka mingi baadaye nilijifunza kwamba harufu ile ni amonia, na kwamba chanzo chake kilikuwa ndani ya damu ya papa alipokuwa hai na mzima.

Maji ya bahari yana chumvi nyingi kuliko damu ya changu, kiasi cha mara tatu. Maji hupita kwenye utando mwembamba wa mwili kutoka palipo na chumvi kidogo kwenda palipo na chumvi nyingi, kwa hiyo bahari inamkausha changu kila dakika, hasa kupitia matamvua. Samaki huyu anaishi majini na maisha yake yote yuko katika hatari ya kiu. Hana njia ila kunywa maji ya bahari mfululizo, kisha kuisukuma chumvi nje kwa chembehai maalumu zilizomo kwenye matamvua, kazi inayokula nguvu nyingi. Samaki wa ziwani kama perege yuko kinyume chake kabisa: maji humwingia bila kukaribishwa, naye hukojoa mkojo mwingi mwepesi mchana na usiku.

Papa hakufuata njia hiyo. Yurea, ambayo sisi huitoa kwenye mkojo kama taka, yeye huihifadhi katika damu na misuli hadi damu yake inalingana na bahari kwa wingi wa vitu vilivyoyeyuka, au kuizidi kidogo. Bahari haina tena sababu ya kumnyang'anya maji, naye hana haja ya kuinywa. Chumvi kidogo inayozidi hutolewa na tezi ndogo iliyo karibu na mwisho wa utumbo, nami nitawaonyesha. Lakini yurea nyingi kiasi hicho huharibu protini, na ingemuua mnyama mwingine. Papa huwa na kemikali ya pili, iitwayo trimethilamini oksidi, inayozilinda protini zake dhidi ya yurea. Mnyama akifa ulinzi hukoma, bakteria huanza kuivunja yurea na kuwa amonia, na ndiyo harufu iliyoniwasha macho. Yurea na amonia zote huyeyuka majini. Bibi yangu, kwa kuloweka na kumwaga, alikuwa akiitoa kemia ile ile iliyomwezesha papa kuishi baharini. Hakuambiwa na mtu yeyote sababu yake, na hatua zake zote zilikuwa sahihi.

Kwenye milango ya fahamu nitapita kwa haraka. Wote wawili wana mstari wa ubavu, unaohisi mtikisiko wa maji. Changu ana mawe madogo meupe kichwani, yenye pete zinazotuwezesha kukadiria umri wake kama pete za mti. Kwa papa tunasoma pete za pingili za uti wa mgongo. Papa na taa wana kitu ambacho changu hana: vitundu vyeusi vilivyotapakaa puani, vyenye ute ndani, ambavyo Mtaliano Stefano Lorenzini alivieleza mwaka 1678 bila kujua kazi yake. Leo tunajua kwamba huhisi umeme hafifu unaotolewa na misuli ya kila kiumbe hai. Papa pingusi, yule mwenye kichwa kama nyundo, hukipitisha kichwa hicho juu ya mchanga na kumgundua taa aliyejifukia, ingawa hamwoni.

Wazee wangu, uzazi ndio unaowahusu zaidi nyinyi, na hapa naomba niseme polepole. Changu na jamaa zake wengi humwaga mayai na manii majini, mayai kwa maelfu mengi, hata mamilioni kwa jike mkubwa, nayo hupelekwa na mikondo bila mlezi. Mengi huliwa. Machache yakibaki, bahari hujaa tena. Papa dume ana viungo viwili kama vidole kwenye mapezi ya tumbo, naye humtungisha jike mimba kwa ndani. Aina fulani hutaga mayai machache yenye maganda magumu. Nyingi hulea watoto tumboni, na kwa pingusi mtoto huunganishwa na mama kwa kondo la nyuma na kitovu, kama ilivyo kwa binadamu. Mimba huchukua miezi mingi, mara nyingi karibu mwaka, na watoto ni wachache. Papa potwe, yule mpole anayeonekana Mafia kuanzia Oktoba hadi Machi, ni wa pekee, kwani jike mmoja aliyevuliwa Taiwan mwaka 1995 alikutwa na watoto 300 hivi tumboni. Lakini hata hesabu hiyo ni ndogo mno mbele ya mayai ya chewa mmoja.

Kwa hiyo kuvua papa kwa hesabu ya dagaa ni kosa, kwa sababu mwili wake haukuumbwa kujaza pengo kwa haraka. Papa wengi huchukua miaka kadhaa, wengine zaidi ya kumi, kabla ya kuzaa mara ya kwanza. Huyu aliye mezani hakuwahi kuzaa. Na samaki wa mifupa nao wana udhaifu wao: chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, kisha wakubwa wao hugeuka madume, hivyo tukiwachagua wakubwa peke yao tunawaacha majike bila wenza.

Yuko samaki mmoja anayevuruga mpaka wote niliouchora, naye ni wa hapa hapa kwetu. Mwezi Desemba 1938, huko East London nchini Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer wa jumba la makumbusho la mji huo aliona katika shehena ya meli ya uvuvi samaki wa ajabu wa rangi ya buluu. Profesa J.L.B. Smith akamtambua kuwa silikanti, wa kundi lililodhaniwa kutoweka tangu enzi za dinosaria. Wakomoro walikuwa na jina lake tayari, gombessa. Kisha kuanzia miaka ya 2003 na 2004 wavuvi wa Tanzania, hasa wa Tanga, wakaanza kuwatoa kwenye jarife zilizotegwa kilindini kwa ajili ya papa, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga.

Silikanti ni samaki wa mifupa. Ana magamba ya mfupa, ana kifuniko cha matamvua, na ndani ya mapezi yake mna mifupa iliyopangwa kwa namna inayokaribia mkono wetu, kwani yeye na kamongo wa maziwa yetu ni jamaa wa karibu wa wanyama wenye miguu minne kuliko walivyo jamaa wa changu. Hata hivyo uti wake wa mgongo haukukamilika kuwa pingili. Mahali pake pana mrija mnene uliojaa majimaji. Pafu lake lililodumaa limezungukwa na mafuta, nayo humwelesha kama ini linavyomwelesha papa. Damu yake ina yurea nyingi, kama ya papa. Na huzaa watoto hai, kama papa: jike aliyevuliwa Msumbiji mwaka 1991 alikutwa na watoto 26 tumboni. Wala hakuyarithi hayo yote kutoka kwa papa, maana koo zao ziliachana zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Inaelekea kwamba baadhi ya majibu haya bahari iliyadai mara mbili, kwa miili miwili tofauti, na ikayapata.

Silikanti sikuweza kuwaletea, na haifai kumtafuta kwa ajili ya meza kama hii. Hawa wawili wanatosha. Naomba wanafunzi wa safu ya mbele wasogee, na mzee mmoja kati yenu anisaidie kushika kisu, kwa kuwa mkono wake unajua kazi hii kuliko wangu. Tutaanza na papa, kwani yurea yake imeshaanza kugeuka. Tutakata kutoka kooni kwenda mkiani, taratibu, tusilitoboe ini.